Je, wajua kwa nini ni vigumu kusema Kigoma ni stahimilivu kuliko Tabora?

Mtu wa Ujiji, huko Kigoma, na mtu wa Tabora wakibishania mji upi ungehimili maafa, wa kwanza atataja ziwa lisilokauka, na wa pili atajibu kwamba kwao hakuna ziwa la kupanda na kuvamia makazi ya mwambao, kama Ziwa Tanganyika lilivyofanya miaka ya karibuni. Wataalamu wanaopima ustahimilivu wa miji, yaani uwezo wa mji kupokea pigo na kuendelea kuhudumia wakazi wake, hukutana na ubishi huohuo, ila wao huuendesha kwa tarakimu.

Ustahimilivu wenyewe hauonekani kabla ya pigo, hivyo hupimwa dalili zake. Kipimo kimoja mashuhuri, kilichoandaliwa na kampuni ya Arup kwa ufadhili wa Rockefeller Foundation, kina viashiria 52. Kwa kuwa vitanda vya hospitali haviwezi kujumlishwa na kilomita za mitaro, njia moja ya kawaida ni kukipa kila kiashiria alama: mji ulio nyuma kabisa katika kundi hupata 0, ulio mbele hupata 1, na mingine hupangwa katikati. Hapo pana mtego. Ukiilinganisha Kigoma na Tabora peke yake, mmoja utapata 0 na mwingine 1 hata ikiwa imepishana kidogo mno. Ukiongeza Mwanza na Bujumbura, alama huweza kubadilika ilhali hakuna mtaro hata mmoja uliozibuliwa.

Mtego mbaya zaidi, kwa maoni yangu, ni wastani. Mji wenye 0.9 kwa maji na 0.1 kwa mitaro hupata wastani wa 0.5, sawa na mji wenye 0.5 kwa yote mawili, ingawa mvua kubwa haitaijia kwa wastani. Ukizizidisha alama hizo na kutafuta kipeuo cha pili, mji wa kwanza hushuka hadi 0.3. Umoja wa Mataifa uliichukua njia ya namna hiyo mwaka 2010 katika kukokotoa kipimo chake cha maendeleo ya binadamu.

Kisha kuna swali la nini kihesabiwe. Tabora, iliyotegemea bwawa la Igombe kwa miongo mingi, sasa huletewa pia maji ya Ziwa Victoria kwa bomba la mamia ya kilomita. Kipimo kinachohesabu vyanzo kitaipa Tabora viwili, na Kigoma, yenye Ziwa Tanganyika zima miguuni pake, kitaipa kimoja. Mtu wa Ujiji hatakubali.