Ibyuk si volkano

Ukiona picha ya Ibyuk, kilima kilicho karibu na kijiji cha Tuktoyaktuk, kaskazini kabisa mwa Kanada, utaapa kwamba ni volkano iliyolala: kimechongoka, na kileleni kina shimo kama kreta. Lakini ndani yake hakuna moto hata chembe. Kiini chake ni barafu.

Weka chupa iliyojaa maji kwenye friza. Asubuhi utaikuta imevimba, pengine imepasuka. Huko nako ziwa likikauka, baridi huanza kupenya kwenye mchanga uliolowa chini yake. Maji yaliyobaki hubanwa pande zote, yakakosa pa kwenda ila juu. Hapo huganda na kuinua udongo taratibu. Ibyuk kimefika mita 49 hivi, na bado kinakua kwa takriban sentimita 2 kwa mwaka. Udongo ukivutika kupita kiasi huchanika kileleni, barafu iliyo wazi huyeyuka, na shimo hubaki.

Vilima vya aina hii huitwa pingo (havihusiani na pingu za polisi). Ni neno la Wainuvialuit, wenyeji wa pwani hiyo, na maana yake ni kilima kidogo. Mtaalamu wa mimea A. E. Porsild ndiye aliyeliingiza kwenye sayansi mwaka 1938. Kwa hiyo ukisema “kilima cha pingo” umesema kilima cha kilima. Wenyeji walivipanda kutafuta kwa macho wanyama wa kuwinda, na waliokuwa baharini walivitumia kujua nyumbani ni wapi.