Jaza Mpaka Iwe Jiwe: Uongo Tunaoambiana Kuhusu Baiskeli za Milimani

"Fundi, jaza upepo mpaka iwe jiwe." Ijumaa jioni hapa Nakuru sentensi hiyo huingia dukani kabla ya mwenyewe. Kesho anapanda Menengai, mlima wetu wa volkano, au amepanga na wenzake wa kazini kwenda mbuga ya Hell's Gate, na ameshabonyeza tairi kwa kidole gumba akakuta linanywea kidogo. Nikimwambia liko sawa, ananiona mvivu asiyetaka kushika pampu. Jumatatu anarudi. Viganja vimekufa ganzi, tyubu imetoboka, na ombi ni lilelile, ila sasa anataka nijaze zaidi.

Nimechoka kulirudia somo hili nikiwa nimeinama na spana mkononi. Acha niliandike mara moja, na mengine mawili matatu nitayagusa njiani.

DHANA: Tairi gumu halitoboki, na linakwenda kasi

Tuanze na mwiba, maana ndio unaotajwa kila mara. Upepo hauongezi unene wa mpira. Mwiba wa mgunga au mbigili ukisimama njiani, kinachouzuia ni mpira wa tairi, au utepe wa kinga uliolazwa kati ya tairi na tyubu, au dawa ya kuziba iliyomo ndani. Upepo haumo kwenye orodha hiyo. Na tairi lililojazwa kupita kiasi haliwezi kunywea likikanyaga kitu chenye ncha, kwa hiyo uzito wako wote unashuka juu ya ile ncha.

Ipo panchari inayoletwa na upepo kidogo, sikatai, na hiyo ndiyo iliyowachanganya watu. Unagonga jiwe au ukingo wa shimo, tairi linabonyea hadi kwenye rimu, na tyubu inabanwa katikati. Inatoka na matundu mawili yaliyo sambamba. Mtu akipata panchari hiyo mara moja anaamua kwamba dawa ya kila panchari ni kupampu.

Kwa hiyo kabla hujapampu, isome tyubu. Ijaze upepo, izamishe kwenye karai la maji, utazame mapovu yanatoka wapi. Tundu moja dogo upande wa nje ni mwiba au kigae. Matundu mawili pamoja ni upepo mdogo. Tundu upande wa ndani, ule unaolalia rimu, maana yake utepe wa rimu umesogea na kichwa cha spoku kinaichoma tyubu; hapo unaweza kubadilisha tyubu mpaka mwaka uishe na bado itaendelea kutoboka. Kama imechanika kwenye shina la valvu, mara nyingi ni kwa sababu tairi lilikuwa limelegea mno likawa linajisokota kwenye rimu. Halafu, nakuomba, pitisha kitambaa polepole ndani ya tairi lote kabla ya kurudisha tyubu. Ule mwiba wa jana bado uko humo. Nimeona watu wakiziba tyubu vizuri kabisa kando ya njia na kuirudisha juu ya mwiba uleule, kisha wakalaumu gundi.

Sasa kasi. Kwenye lami laini, tairi jembamba lenye upepo mwingi linateleza vizuri, hapo sina ubishi. Lakini wewe hukununua baiskeli ya milimani ukae kwenye lami ya kwenda Njoro. Kwenye changarawe na mawe, tairi gumu linarushwa juu na kila kokoto, na likirushwa linakuinua wewe na baiskeli pamoja. Nguvu uliyoitoa mguuni inaishia kukupandisha na kukushusha badala ya kukusogeza mbele. Tairi lililolegezwa kiasi linalimeza kokoto na wewe unaendelea. Viganja kufa ganzi na mgongo kuuma baada ya kupita kwenye barabara yenye vijituta mfululizo ni mwili wako ukifanya kazi ambayo tairi lilinyimwa nafasi ya kuifanya.

Halafu kuna mshiko. Njia ya kupanda Menengai inaanzia mjini, kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kule juu penye mandhari ya kreta unasimama kwenye mita 2,278. Udongo wetu ni wa volkano: vumbi jepesi kama unga juu, mawe ya lava yaliyochongoka chini yake. Tairi gumu linagusa ardhi kwa eneo dogo sana. Ukikanyaga pedali kwa nguvu kwenye mwinuko mkali gurudumu la nyuma linazunguka bure, unashuka, unaanza kusukuma, unasema huna mazoezi. Pengine huna, lakini toa kwanza upepo kidogo ndipo ujihukumu. Wakati wa kushuka ni mbaya zaidi, kwa sababu gurudumu la mbele likiteleza kwenye kona yenye vumbi hupati nafasi ya kujirekebisha.

Najua imani hii ilikotoka, na wala sio ujinga. Sisi wa huku, hasa wenzetu wa Magharibi na Kisumu, tumelelewa na Black Mamba, ile baiskeli ya mizigo. Boda boda yenyewe ilianzia mpakani Busia miaka ya 1960 kwa baiskeli hizo, ikibeba abiria na mizigo kati ya Kenya na Uganda. Gunia la viazi juu ya keria, mitungi ya maji pande mbili, tairi jembamba: hapo ukipunguza upepo umeharibu rimu. Mzee aliyekufundisha kubonyeza tairi kwa kidole alikuwa sahihi kwa baiskeli yake. Yako haina gunia, na tairi lake ni pana zaidi.

Jambo jingine ni maandishi ya ubavuni mwa tairi. Watu wanasoma "MAX 65 PSI" (PSI ni kipimo cha mgandamizo wa upepo) wanadhani mtengenezaji amewaagiza wafike 65. Hicho ni kikomo. Hata lori huandikwa uzito wa juu kabisa linaoruhusiwa kubeba, na hakuna anayelipakia hivyo akienda kununua mkate. Kama wameandika na kiwango cha chini pia, anzia karibu na hicho cha chini.

Haya, namba. Kwa tairi la upana wa inchi 2.1 hadi 2.25 lenye tyubu, mwendeshaji wa kilo 70 hivi, mimi huanza na PSI 28 mbele na 31 au 32 nyuma. Nyuma kunazidi kwa sababu ndiko uzito wako mwingi ulipo. Ukiwa na kilo 85 au 90 ongeza nne hivi kila upande. Ukiwa mwepisi, punguza mbili. Nenda ukaendeshe, ukisikia rimu ikigonga jiwe ongeza mbili, ukiona unarushwarushwa toa mbili. Baada ya Jumamosi chache utaijua namba yako na hutaniuliza tena.

Na ili uijue namba, lazima uipime. Kidole gumba si geji. Ubavu wa tairi ukiwa mnene, PSI 25 na 45 zinaweza kukuhadaa kidoleni. Nunua pampu ya kusimama yenye geji kabla hujanunua glavu, kabla hujanunua miwani ya bei, kabla hujanunua ile jezi yenye maandishi ya timu ya Ulaya. Kompresa ya kituo cha mafuta iache kwa magari. Tairi la baiskeli linameza upepo mdogo sana, linajaa kwa sekunde chache, na kijana aliyeshika bomba amezoea kujaza matatu.

Kuna toleo la kisomi la dhana hii pia: eti ukitoka juu kwenda chini, au jua likiwaka, upepo utabadilika sana, kwa hiyo ujaze akiba. Kutoka Nakuru hadi Kisumu, iliyo kama mita 1,130, geji itakuonyesha imepungua karibu PSI 1. Ndiyo hiyo tu. Tairi likitoka kwenye baridi ya alfajiri ya nyuzi 15 likafika nyuzi 40 mchana, litapanda PSI tatu au nne hivi. Mwenye 30 hatasikia kitu. Anayehatarisha ni yule aliyejaza hadi kikomo asubuhi kisha akaiacha baiskeli juani akinywa chai.

Kama kweli mwiba ndio adui yako, na kuzunguka Naivasha na Nakuru lazima awe adui yako, ondoa tyubu kabisa ikiwa rimu na tairi zako zinaruhusu, weka dawa ya kuziba ndani. Mwiba ukiingia, dawa inakimbilia tundu na kuganda. Isitoshe, bila tyubu hakuna tena ile panchari ya tyubu kubanwa kwenye rimu, kwa hiyo unaweza kushusha upepo hata zaidi. Ila dawa hiyo hukauka. Kwa joto letu ifungue uitazame kila baada ya miezi miwili mitatu. Wapo wanaoniletea tairi lenye kipande kikavu cha mpira ndani wakisema dawa haifanyi kazi.

DHANA: Gia nyingi ndiyo baiskeli bora

Anayesema "hii ina gia 21" anaisema kwa fahari, na mwenye gia 12 anaona amepunjwa. Gia haziuzwi kwa kilo. Uliza gia nyepesi kabisa ina wepesi gani. Baiskeli nyingi za bei nafuu zenye gia 21 zina meno 28 mbele na 28 nyuma kwenye ile nyepesi yake: ukizungusha pedali mara moja gurudumu nalo linazunguka mara moja. Ile ya gia 12 yenye sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) moja ya meno 32 mbele na 51 nyuma, gurudumu halifiki hata theluthi mbili ya mzunguko. Panda mlima wa Riat kutoka Kisumu na hizo mbili, kisha tuongee kuhusu 21.

DHANA: Oili ya injini inatosha kwa cheni

Tena ile chafu, iliyomwagwa kutoka kwenye gari. Inanata, vumbi la Menengai linaganda juu yake, na sasa cheni yako inasaga sproketi kila unapokanyaga. Futa cheni kwanza. Tone moja la oili ya cheni kwenye kila roli, zungusha, subiri kidogo, kisha futa tena hadi kidole kisitoke cheusi. Oili iliyobaki nje haisaidii chochote. Na chukua rula: jozi 12 kamili za viungo (cha ndani na cha nje), pini hadi pini, zinapaswa kupima inchi 12. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita, badilisha cheni mapema. Ikifika moja ya nane, utabadilisha na kaseti (zile sproketi za nyuma), na hapo usiniulize kwa nini bei imepanda.

DHANA: Baiskeli yenye springi mbele na nyuma ni ya kitaalamu

Ya bei ghali, ndiyo. Ile ya dukani kwenye rafu karibu na sufuria, hapana. Springi ya nyuma ni chuma kizito kinachochezacheza kila ukikanyaga, na viungo vyake vinalegea mapema. Kwa pesa hizohizo tafuta ya mtumba yenye fremu nzuri na springi kwenye uma wa mbele tu, au hata isiyo na springi kabisa.

DHANA: Kiti kiwe chini ili miguu ifike ardhini

Hapo ndipo magoti yanaumia. Kaa kitini, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Ukirudisha sehemu ya mbele ya nyayo kwenye pedali, goti litabaki limepinda kidogo, na hapo ndipo patakuwa pazuri. Miguu kugusa ardhi ni kazi ya wakati umesimama: shuka kwenye kiti. Kwa miteremko mikali ya kushuka, kishushe kiti kwa muda, kisha ukirudishe.

DHANA: Breki ya mbele itakupindua, usiiguse

Unapofunga breki uzito unahamia mbele, na gurudumu la mbele ndilo linalokusimamisha zaidi. Anayetegemea ya nyuma peke yake anateleza kwenye changarawe, anachoma pedi, na akifika kona hajapungua kasi. Rudisha makalio nyuma, punguza mwendo kabla ya kona na sio ndani yake, bana zote mbili kwa kidole kimoja au viwili, ukiongeza taratibu. Wanaopinduliwa ni wale wanaoibana ghafla wakiwa wameinamia usukani.

Lakini hakikisha kwanza iko upande gani. Baiskeli za mtumba zilizotoka Uingereza kwa kawaida zina breki ya mbele mkono wa kulia; zilizotoka Ulaya bara na Marekani huwa kushoto, na hapa tunauziwa zote zikiwa zimesimama mstari mmoja. Ukiazima ya rafiki, kabla hujaanza kushuka kutoka kreta, isukume hatua mbili, bana wa kulia, uone gurudumu gani limesimama.