Je, kuzisoma siku sita za uumbaji kama fumbo ni jambo la kisasa?

Watu wengi, waumini na wasioamini, hushikilia kwamba Wakristo wote wa kale walizihesabu siku sita za uumbaji kuwa za saa 24 kila moja, na kwamba kuzisoma kama fumbo kulizuka baada ya nadharia ya mageuko kuchapishwa mwaka 1859.

Wako waliozihesabu hivyo, lakini si wote. Katika karne ya 3, mwanazuoni Mkristo kutoka Aleksandria, Misri, aliuliza jioni na asubuhi zingewezaje kuwapo kabla ya jua. Na mwanzoni mwa karne ya 5 askofu mmoja, katika nchi ambayo leo ni Aljeria, aliandika kwamba siku zile hazikuwa kama hizi zetu.

Msomaji anaweza kujionea mwenyewe. Afungue Mwanzo sura ya 1: nuru imo katika mstari wa 3, siku ya kwanza, ilhali mianga miwili mikubwa, yaani jua na mwezi, haifanywi hadi mstari wa 16, siku ya nne. (Mimi niliisoma sura hiyo miaka mingi bila kuliona hilo.) Mwanazuoni yule wa Aleksandria hakuwa na darubini, alikuwa na mistari hiyohiyo.