Kukata kona kwenye mbio za magari: mambo tunayodanganyana

Ya kwanza, na ndo inayoniudhi kuliko zote, eti dereva anayechelewa kushika breki ndo mwenye kasi. Inapendwa kwa sababu inaonekana kwenye TV, jamaa anajichomeka kwa ndani dakika ya mwisho, watangazaji wanapagawa. Kwa kumpita mtu sawa, ila kwa kusaka muda wa mzunguko hesabu ni nyingine kabisa. Chukua gari inakuja na 200 km/h, kona inaruhusu 90. Ukichelewesha breki kwa mita 5 na bado ukaingia na 90 yako ileile, umeokoa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, basi. Sasa mwenzako katoka kwenye hiyo kona na 95 na mbele kuna mita 800 zimenyooka, hata kama gari zenu zinaongeza mwendo sawasawa, tuseme mita 4 kwa sekunde kila sekunde, kufika kule mwisho kashakupiga karibu robo sekunde. Na mara nyingi huyo aliyechelewa breki anapitiliza, anabaki kusubiri pua igeuke huku wenzie washakanyaga mafuta kitambo. Ndo maana kona kama Parabolica pale Monza, uwanja wa mbio wa Italia, inayokutoa moja kwa moja kwenye njia kuu ndefu, unaipanga kuanzia utakavyotoka halafu ndo unarudi kwenye kuingia.

Nyingine: breki zote ziishe kabla hujagusa usukani. Kwa anayejifunza sio ushauri mbaya, lakini wenye kasi hawafanyi hivyo, wanaingia na breki ndani ya kona huku wanaiachia kidogokidogo kadiri usukani unavyozidi kukatwa. Tairi ina mshiko wake mmoja tu, kama mshahara, breki, kugeuka na mafuta vyote vinakula humohumo. Sema mgao wenyewe una raha yake: ukitumia asilimia 60 ya mshiko kwa breki, kwa kugeuka haibaki 40, inabaki karibu 80, maana nguvu moja inavuta kwa nyuma na nyingine kwa pembeni. Halafu ule mguu unaobaki kwenye breki unaacha uzito umelalia tairi za mbele, ndo zinauma lami. Achia ghafla uone, pua inanyanyuka na gari inagoma kugeuka inataka kwenda mbele tu.

Ile ya kwamba lazima uguse ukingo wa ndani katikati kabisa ya kona naipita haraka: mkao huo unakupa mzingo mpana zaidi, sawa, ila kama mbele kuna njia ndefu iliyonyooka wengi wanagusa mbele kidogo ya katikati ili wanyooshe usukani mapema na kufungua mafuta.

Kudrifti je? Inapendeza bwana, ila kwenye lami kavu gari ikienda ubavu inapoteza mwendo na kupika matairi. Ambacho wengi hawajui ni kwamba tairi isiyoteleza hata kidogo nayo haijafika mwisho wake, mshiko mkubwa unapatikana ikiwa imepotoka nyuzi chache tu kutoka inakoelekea, kwa hiyo tairi kupiga kelele kidogo sio dalili kwamba dereva kashindwa. Kwenye changarawe za rali ni habari nyingine, kule kokoto zinajikusanya ubavuni mwa tairi na gari inapata pa kuegemea.

Ya mwisho ni hii ya kwamba ukiogopa katikati ya kona, toa mguu kwenye mafuta. Kweli mwendo ukizidi kwa asilimia 10 tairi zinadaiwa mshiko wa asilimia 21 zaidi, ila gari ya Formula 1 inakandamizwa chini na upepo, ikienda kasi ndo inazidi kushika, kona ya 130R pale Suzuka, Japani, inapitwa kwa karibu 300 km/h wakati ile kona kali ya Monaco ni kama 50 tu. Na kwa gari yoyote, ukitoa mguu ghafla uzito unakimbilia mbele, nyuma inabaki nyepesi, tako linakuzunguka. Porsche 911 za zamani zilipata sifa mbaya kwa hilo, injini imekaa nyuma kabisa ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo anayeijua anaingia kona taratibu kuliko roho inavyotaka, halafu mguu unabaki kwenye mafuta, hata kidogo tu, mpaka gari inyooke.