Kulika kwa meno ya nyani: dume na jike

Jino la nyani hulika kidogo kidogo kwa kutafuna. Enameli, lile tabaka gumu la juu, haioti upya. Ikiisha mahali, dentini iliyo chini yake hubaki wazi, nayo ni laini zaidi. Watafiti hupima ni asilimia ngapi ya uso wa gego imekuwa dentini tupu, kisha huuliza: dume na jike wa umri mmoja wamelika meno sawasawa?

Sharti la umri ndilo muhimu kuliko yote. Majike kwa kawaida huishi muda mrefu kuliko madume, kwa hiyo ukikusanya mafuvu usiyojua umri wake, utadhani meno ya jike ni dhaifu, kumbe umekusanya mabibi vizee. Ndiyo maana data za Amboseli, kusini mwa Kenya, zina thamani kubwa: nyani wa huko wanafuatiliwa mmoja mmoja tangu 1971. Utafiti uliotoka 2011 ulichukua nakala za meno ya nyani 95, ukaona magego yakilika kadiri umri unavyosonga, kwa dume na kwa jike. Na miongoni mwa majike, waliozoea kufukua vijitunguu vya nyasi ardhini meno yao yalilika zaidi, na si ajabu, maana chakula hicho huja na mchanga.

Jinsia inaingia wapi basi? Dume ana uzito unaokaribia mara mbili ya jike, lakini magego yake hayakui kwa kiasi hicho, hivyo kila gego lina kazi kubwa. Jike naye, akiwa na mimba au akinyonyesha, lazima ale zaidi. Nguvu hizi mbili zinavutana, kwa hiyo jibu la spishi moja halifai kubandikwa kwa nyingine.

Chonge, yale meno marefu yaliyochongoka, zihesabiwe kando. Chonge ndefu ya juu ya dume husuguana na jino la chini kila afungapo taya, na msuguano huo huinoa. Gego ni kinyume: likilika, mnyama hupoteza uwezo wa kusaga chakula.

Hasara hiyo kwa jike humfikia hata mtoto. Ranomafana, Madagaska, kuna sifaka, lemuri ambaye ni jamaa wa mbali wa nyani. Utafiti wa 2005 ulionyesha kwamba majike wazee, meno yameisha, huendelea kuzaa, ila mvua ikiwa haba miezi ya kunyonyesha, watoto wao hufa zaidi kuliko wa mama vijana.