Riad Salameh na ile asilimia 0.38

Nikikabidhiwa vitabu vya benki nivikague, sianzi na mikopo mikubwa. Hiyo kila mtu anaitazama. Naanza na kamisheni: kamstari kadogo chini ya ukurasa, na jina la mpokeaji lisilokwambia chochote. Ndiyo maana katika habari zote za Riad Salameh, gavana wa zamani wa Benki Kuu ya Lebanon, mimi nimenasa kwenye tarakimu moja tu: 0.38.

Salameh hakulelewa serikalini. Tangu miaka ya 1970 alikuwa Merrill Lynch, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, Beirut na Paris, akisimamia fedha za matajiri, Rafic Hariri akiwa mmoja wao. Hariri akawa waziri mkuu, na Agosti 1993 mtunza fedha wake akakalia kiti cha ugavana. Muhula ni miaka sita. Yeye alikaa mihula mitano.

Kilichomjengea jina ni 1,507.5. Kuanzia mwishoni mwa 1997 dola moja ilikuwa lira hizo za Lebanon, na bei haikutikisika kwa zaidi ya miaka 20. Mtu alilipa dukani kwa dola akarudishiwa chenji kwa lira bila kuuliza bei ya leo. Mwaka 2006 jarida la Euromoney likamtangaza gavana bora wa mwaka. (Tuzo za aina hii hupima utulivu, gharama ya huo utulivu hazina habari nayo.)

Sasa turudi kwenye kamstari ketu. Benki kuu iliziuzia benki za biashara vyeti vya amana na hatifungani, na kila mauzo yalikuwa na kamisheni yake, ile asilimia 0.38. Waendesha mashtaka wa Ulaya wanadai ilikwenda kwa Forry Associates, kampuni iliyosajiliwa Visiwa vya Virgin vya Uingereza, na mnufaika wake ni Raja, ndugu yake gavana. Benki ikinunua vyeti vya dola milioni 100, Forry inaondoka na 380,000. Kwenye muamala wa ukubwa huo, nani atahangaika nazo? Ila zikirundikana toka 2002 hadi 2015, wapelelezi wanafika takriban dola milioni 330.

Dalali hulipwa kwa kumtafuta mnunuzi. Hapa muuzaji ni benki kuu, na wanunuzi ni benki ambazo benki hiyohiyo ndiyo inazisimamia. Alitafutwa nani?

Salameh anakana tuhuma zote. Anasema kamisheni zililipwa na wanunuzi, si fedha za umma, na kwamba utajiri wake ni wa enzi za Merrill Lynch, urithi na uwekezaji. Hoja ya kwanza siidharau, maana ubadhirifu wa mali ya umma unasimama au kuanguka hapo: fedha ilipopita kwenye akaunti ya benki kuu, ilikuwa ya nani? Ningepewa faili, ningetaka karatasi tatu tu. Nani aliidhinisha mkataba, nani alithibitisha kazi imefanyika, nani alisaini malipo.

Na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Gavana wa Lebanon ndiye pia mwenyekiti wa Tume Maalumu ya Uchunguzi, chombo cha kupambana na utakatishaji fedha chenye uwezo wa kuondoa usiri wa akaunti, katika nchi yenye sheria ya usiri wa benki tangu 1956. Mpelelezi alipotaka kuchungulia akaunti ya ndugu yake gavana, mlango wa kugonga ulikuwa wa gavana.

Mabenki yalifunga milango Oktoba 2019, wenye amana wakabaki nje. Machi 2020 nchi ikashindwa kulipa hatifungani ya dola bilioni 1.2, na lira hatimaye ikapoteza zaidi ya asilimia 98 ya thamani yake. Agosti 2023 ukatoka ukaguzi wa kampuni ya Alvarez & Marsal wa miaka 2015 hadi 2020: dola milioni 111 za kamisheni walizoziita zisizo halali, na hasara zilizoandikwa kwenye mizania kama mali. Hilo la mwisho nililisoma mara mbili. Hasara ikikaa upande wa mali, mizania inalingana vizuri kabisa.

Ufaransa ilikuwa imeshatoa hati ya kumkamata Mei mwaka huohuo, Ujerumani nayo ikafuata. Alimaliza muhula Julai akiwa anatafutwa. Lebanon haiwatoi raia wake kwa nchi nyingine, kwa hiyo alikamatwa nchini mwake, Beirut, Septemba 2024, kwa tuhuma nyingine ya zaidi ya dola milioni 40, inayohusu kampuni ya udalali ya Optimum Invest.

Alikaa ndani mwaka mmoja na siku kadhaa, akaachiwa Septemba 2025 kwa dhamana ya zaidi ya dola milioni 14. Nikachukua kikokotoo. Kwa bei yake ya 1,507.5 hizo ni lira bilioni 21. Kwa bei ya siku aliyotoka, karibu 89,500, ni trilioni moja na robo.