Mtoto hapigi kura, lakini maoni kwa mswada anaweza kupeleka

Kila nikialikwa shule kuongea mambo ya bunge nakuta kitu kilekile, watoto wamepangwa safu mbili, mmoja ni Spika kafungwa leso kichwani eti ndio wigi, wengine wanagonga madawati wakipiga kelele "hoja ya nidhamu!" na mwalimu amefurahi kweli. Sikatai, inachekesha, lakini waulize baadaye sheria inatoka wapi watakwambia wabunge hubishana halafu wanapiga kura, basi.

Mimi huwaambia walimu wachukue kitu cha ukweli. Katiba yetu ya Kenya ya 2010 inataka miaka 18 kwa kura, hiyo iko wazi, lakini kifungu cha 119 kuhusu kupeleka petisheni, yaani ombi rasmi, Bungeni kinasema kila mtu, hakijasema kila mpiga kura, halafu cha 118 kinalazimisha Bunge lishirikishe umma na cha 196 kinalazimisha bunge la kaunti vilevile. Sasa mtoto wa gredi ya 6 si umma?

Anza kwa kuwauliza wangetaka nini kibadilike. Watakutajia vyoo, madawati, taa za barabarani, taka za sokoni, mbwa wanaozurura asubuhi wakienda shule. Usikimbilie kuandika bado, somo lenyewe liko hapo, manake Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi: chekechea, taka, taa za barabarani, hata kudhibiti wanyama ni za kaunti, shule ya msingi na ya upili ni za serikali ya kitaifa. Kwa hivyo choo cha chekechea na choo cha gredi ya 6 vinaweza kuwa uwanja mmoja na kila kimoja kina mwenyewe wake, na watoto wakigundua hivyo wanabaki midomo wazi. Na si wao tu, kuna watu wazima wanaenda kumlilia MCA, mjumbe wao wa bunge la kaunti, juu ya walimu wa sekondari, na MCA naye kwa vile ni mwanasiasa anaahidi tu.

Petisheni ya Bunge inaweza kuandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili au Kiingereza, lugha iwe ya heshima, na useme kama ulishajaribu ofisi inayohusika. Shida ni moja, inataka namba ya kitambulisho na mtoto hana, kwa hivyo mzazi au mwalimu ndiye atie sahihi. Ukiona hiyo ni mlima, kuna njia rahisi, mswada, yaani sheria inayopendekezwa, ukishasomwa mara ya kwanza unaenda kwa kamati na kamati inaita maoni, barua ya ukurasa mmoja kwa Karani wa Bunge inatosha. Ila siku za kupokea maoni huwa chache, usingoje likizo iishe. Na tafadhali mwalimu usiwaandikie! "Taa ya pale stendi haiwaki, tunaogopa kupita" inashinda ile barua yako ya maneno makubwa.

Wengine huniuliza, wakikataliwa je, si watavunjika moyo? Kule New Hampshire, Marekani, mwaka 2015 watoto wa darasa la nne walipeleka mswada mwewe mwenye mkia mwekundu awe ndege mbuai rasmi wa jimbo, wakaenda wenyewe kuketi juu roshani kutazama, na wabunge wengine wakaukejeli wakiwa palepale wanasikia, kura zikawa 133 za ndiyo na 160 za hapana. Aibu ilikuwa ya nani kwa kweli? Mwewe akaja kupitishwa 2019.

Kamati ikimaliza huandika ripoti, na ndani kuna sehemu ya maoni ya umma. Itafuteni darasani, watoto waangalie kama barua yao imetajwa na imejibiwa vipi. Kama haimo waandike tena waulize kwa nini, na safari hii mwalimu asisahau kubaki na nakala iliyopigwa muhuri.